Je, ni salama kuendeshea mauzo ya duka kwenye beta ya PostgreSQL 18? (Mjadala wa 2025, kabla toleo rasmi la 18 halijatoka Septemba mwaka huo)

Mhasibu, Mwanza
Habari zenu wanajukwaa. Ninasimamia hesabu za duka la jumla la vipuri, na programu yetu ya mauzo na stoo huhifadhi taarifa zake kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, toleo la 16. Kijana anayetuhudumia upande wa seva anapendekeza tuhamie beta, yaani toleo la majaribio, ya 18, kwa hoja kwamba usomaji wake mpya wa diski utaharakisha ripoti za mwisho wa mwezi, ambazo kwa sasa huchelewa sana. Hoja inavutia, lakini kila risiti tunayotoa imo humo, pamoja na madeni ya wateja. Je, hatari ni ya kweli? Na mambo yakiharibika, tunaweza kurudi 16?

Msimamizi wa hifadhidata, Dar es Salaam
Ndugu mhasibu, hatari ni ya kweli, na watengenezaji wa PostgreSQL wenyewe huonya katika matangazo yao kwamba beta ni ya kupimia, si ya kuendeshea kazi. Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kwamba mpangilio wa majedwali ya ndani ya mfumo unaweza kubadilishwa kati ya beta moja na nyingine. Hilo likitokea, ukiweka beta mpya juu ya data ileile, seva hukataa kuwaka ikieleza kwamba faili za hifadhidata haziendani nayo, na dukani hapatoki risiti hadi mtu aipitishe data kwenye pg_upgrade, zana ya kuihamishia toleo jipya, au aitoe yote kwa pg_dump, zana ya kuinakili kwenye faili, na kuipakia upya. Kubaki kwenye beta ya zamani nako hakufai, kwa kuwa marekebisho ya kasoro huingia katika beta inayofuata.

Kuhusu kurudi nyuma, hakuna njia rasmi ya kushusha toleo. pg_dump ya 16 hukataa kusoma seva ya 18. Itawalazimu kutumia pg_dump ya 18, na faili itakayotoka haina hakikisho la kukubaliwa na 16 bila kuhaririwa kwa mkono. Nakala rudufu mliyochukua kabla ya kuhama itafunguka vizuri, ila mauzo yote yaliyofanyika baada ya hapo hayatakuwamo.

Mtayarishaji programu, Nairobi
Naongezea kwamba kipengele kilichomo kwenye beta kinaweza kuondolewa kabla ya toleo rasmi. Mwaka 2022 beta za PostgreSQL 15 zilikuja na vipengele vipya vya SQL/JSON (vya kushughulikia data ya mtindo wa JSON kwa lugha ya SQL), kikiwemo JSON_TABLE kinachoigeuza data hiyo kuwa jedwali, vikaondolewa kabla toleo halijatoka mwezi Oktoba. JSON_TABLE ilifika rasmi katika 17, mwaka 2024. Ripoti yoyote iliyojengwa juu yake ilibidi iandikwe upya.

Mimi ningesubiri hata baada ya toleo rasmi. PostgreSQL 14 ilipita beta zake zote ikiwa na kasoro iliyoweza kuharibu faharasa (orodha za ndani za kuharakisha utafutaji) zilizoundwa kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY, amri ya kuziunda bila kusimamisha kazi, na ikarekebishwa katika 14.4, Juni 2022. Faharasa iliyoharibika haipigi kelele: utafutaji unaikosa ankara ambayo imo ndani ya jedwali, na mhasibu anaamini haipo.

Mhasibu, Mwanza
Nawashukuru sana, hatutahama. Hata hivyo nia ya kijana ni njema na sipendi kumvunja moyo. Ipo namna ya kumwachia aipime?

Msimamizi wa hifadhidata, Dar es Salaam
Ipo, tena kazi yake itawafaa wengi. Aiweke beta kwenye mashine ya pembeni, kisha aunganishe seva zenu mbili kwa amri ya CREATE PUBLICATION (kutangaza mabadiliko) upande wa 16 na CREATE SUBSCRIPTION (kuyapokea) upande wa beta, njia iliyopo tangu toleo la 10 na inayokubali matoleo tofauti. Mauzo yatamfikia kadiri yanavyoingia. Mabadiliko ya muundo wa majedwali hayatafuata, hayo ayafanye mwenyewe pande zote mbili. Aendeshe ripoti zilezile huku na huku na kulinganisha jumla, na akiona tofauti aitume pgsql-bugs, orodha ya barua pepe ya kuripoti kasoro za PostgreSQL.

Kabla ya yote, aichunguze ripoti inayochelewa kwa EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS), amri inayoonyesha muda unatumika wapi, kwenye 16 hiyohiyo. Usomaji mpya wa 18 husaidia pale data inaposubiriwa kutoka diski. Ikiwa ucheleweshaji unatokana na upangaji wa safu kwa mfuatano kuzidi kumbukumbu na kumwagikia kwenye faili za muda, beta haitasaidia, bali aongeze work_mem, kikomo cha kumbukumbu ya kazi kama hiyo, kwa ripoti hiyo pekee, kwani kiwango cha kuanzia ni MB 4 tu.