Vakansi ya Julai na Agosti: vijana wa timu ya shule wabebe vyuma ao wakimbie tu?

Kocha wa Katuba
Ndugu zangu wa Lubumbashi, kamati ya wazazi inataka jibu mbele shule ifungwe. Tuko na vijana 22 wa kandanda, miaka 14 mpaka 18, na wiki 8. Mimi ninapendekeza nguvu: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Wiki 2 za kwanza wachuchumae bila uzito, 3×12 (raundi 3 za mara 12), wapande kwenye ngazi ya darasa mguu kwa mguu, 3×10. Wiki ya 3 mpaka ya 6 tuongeze uzito, vile vyuma vya bomba na simenti. Mbili za mwisho ni kuruka na mbio za mita 20. Wengine kwenye kamati wanasema kilomita 10 kwenye lami kila asubuhi zinatosha. Semeni.

Mbio Ndefu
Kandanda ni pumzi, kocha. Chuma kinafanya mwili mzito, na mtoto wa miaka 14 akikibeba anabaki mfupi. Halafu vile vyuma vya simenti vinavyomwagwa kwenye ndoo ni vya walinzi wa mlango wa baa, si vya wanafunzi.

Fundi Kamalondo
Hapo umegusa kazi ya watu, muzee. Ndoo ya rangi ya lita 5 ikijaa zege inafika kilo 12 hivi. Mbili na bomba la mita 1.80, karibu kilo 30. Kijana wa miaka 16 anahitaji nini zaidi kwa mwezi wa kwanza? Jimu za katikati ya mji zinalipisha kila kichwa, na vichwa ni 22.

Mwalimu wa Jimu
Fundi, uzito si shida. Shida ni bomba kuzunguka ndani ya zege. Likizunguka wakati kijana ameliweka mabegani, upande mmoja unashuka na kiuno kinapinda. Nyingi zinatengenezwa hivyo.

Fundi Kamalondo
Zinatengenezwa hivyo na watu wa haraka! Unachomelea vipande 2 vya nondo kwa msalaba kwenye ncha ya bomba mbele ya kumwaga. Kipimo ni simenti 1, mchanga 2, kokoto ndogo 3. Maji kidogo, ugongegonge ndoo hewa itoke. Unafunika na gunia lenye maji siku 7. Kwa ukavu huu wa Julai, ukiiacha wazi inapasuka kabla haijakomaa, halafu watu wanalaumu simenti.

Mwalimu wa Jimu
Na mizani? Ndoo mbili za fundi mmoja zinaweza kuachana kilo moja na zaidi.

Fundi Kamalondo
Unapima kila ndoo ikijaa, mbele ya kusimika bomba ndani. Kilo moja inapunguzwa na mwiko.

Mbio Ndefu
Mimi nimeuliza juu ya urefu wa watoto, mnanijibu kokoto. Na usiniite muzee ili unifunge mdomo.

Kine Kampemba
Basi nijibu mimi, kine, mtu wa kutibu misuli na viungo. Kubeba uzito chini ya macho ya mtu anayejua hakufupishi mtoto. Hata chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinasema hivyo. Kinachoumiza ni kuangusha chuma, kubana vidole, na kushindana nani anabeba zaidi. Kanuni ni hii: mara 15 safi, mgongo sawa, ndipo unaongeza asilimia 5 mpaka 10. Hapo ndipo simenti inanipa wasiwasi, maana ukiwa na kilo 30 huwezi kwenda kwenye 32.

Fundi Kamalondo
Unaweza. Funga mfuko wa mchanga wa kilo 1 kila upande.

Kine Kampemba
Sawa, ufungwe kwa nguvu usichezecheze. Lakini kocha, kwenye mpango wako sioni kazi ya nyuma ya paja, na huko ndiko wachezaji wanachanika wakikimbia kasi. Kijana apige magoti juu ya gunia lililokunjwa, mwenzake amshike vifundoni, si kwenye misuli ya mguu, halafu yule aliyepiga magoti ashuke mbele polepole bila kukunja kiuno. Wiki ya 1 mara moja tu, 2×5. Wiki ya 2 mara mbili, 2×6. Wiki ya 3 mara tatu, 3×6 mpaka 8. Ukianza na 3×12, siku mbili hawatembei vizuri na hawatarudi. Na wale wa miaka 14 walio na uvimbe wenye maumivu chini ya goti, watoe kwenye kuruka kabisa.

Mama wa Kenya (komini ya Lubumbashi)
Watakula nini? Mtoto anayekula bukari (ugali) mara moja, jioni, mnamwamsha saa kumi na mbili, na baridi ya Julai iko chini ya nyuzi 10! Wekeni saa tisa mchana, na kamati inunue kunde na kapenta (dagaa) kwanza, mbele ya chuma.

Mbio Ndefu
Mama amesema neno. Saa tisa nakubali. Lakini siku za mbio zibaki.

Kocha wa Katuba
Jumanne na Alhamisi, basi, uwanjani, si kwenye lami: mita 20 mara 8, kupumzika dakika moja na nusu. Fundi, bomba nene kiasi gani ili lisipinde?

Fundi Kamalondo
Inchi moja na robo, lile zito la maji. Lile jembamba la viti linapinda wiki ya kwanza.