Tupeane uzoefu: umewahi kukimbia marathoni ambayo njia yake inakera na hamu imekwisha?

Miguu Niponye (mwanzilishi wa uzi)

Habari zenu wapenzi wa mbio. Uzi huu nimeufungua kwa ajili ya wale waliojiandikisha kukimbia kilomita 42 na sasa, wiki zikiwa zimebaki chache, hawasikii hamu hata ya kufunga kamba za viatu. Humu tunasimuliana sana mbio zilizokwenda vizuri. Zile za kuburura miguu tunazificha, na kwa maoni yangu hizo ndizo zinazomfaa mgeni.

Nianze na yangu. Ilikuwa marathoni hapa Nairobi, waandaaji siwataji. Njia ilikuwa ya kwenda na kurudi: unafika kwenye koni katikati ya lami, unageuka, unarudi mpaka karibu na uwanja wa kumalizia, kisha unaianza upya njia ile ile. Kwenye kilomita ya 21 unawaona wa nusu marathoni wakivishwa nishani, wanapiga picha na watoto wao, wengine wameshanunua mahindi ya kuchoma. Wewe unaelekezwa kushoto, urudi ulikotoka. Asubuhi ile niliamka sina hamu hata chembe. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na jeraha. Kazi ilikuwa imenibana kwa miezi, na mazoezi nayo yakawa yananichosha kama zamu ya pili. Nilikwenda kwa kuwa nilishalipa, na dadangu alikuwa ameahidi kunisubiri.

Kilichonivusha pale kushoto ni kwamba jana yake jioni nilishapanga nitakalofanya nikifika. Ukiuona uwanja, inamisha kofia, chukua maji, hesabu milingoti ya taa mpaka ufike wa kumi, ndipo uinue macho. Sikujiuliza kama nataka kuendelea, kwa sababu swali hilo nilishalijibu nyumbani, nimeshiba, nimekaa kwenye kiti. Tangu siku ile naamini kwamba mkimbiaji asiye na hamu asiachiwe jambo la kuamua barabarani. Kasi, maji, mahali pa kutembea, yote yapangwe mapema. Ninyi mlivukaje?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Asante kwa uzi, kaka. Nakubaliana nawe, ila kuna kitu ningependa watu wakijue kabla ya kuilaumu mioyo yao.

Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli. Kwa wengi wetu, tukikimbia bila kula njiani, akiba hiyo hukaribia kwisha kwenye kilomita ya 30 au baada yake kidogo. Ubongo nao hutegemea sukari hiyo hiyo. Ndiyo maana mtu aliyekuwa anacheka kilomita ya 25 anafika ya 32 anaichukia barabara, anawachukia wanaomshangilia, anawaza mambo ya huzuni yasiyohusiana na mbio. Nimeyaona kwangu na nimeyaona kwa niliokimbia nao. Dakika chache baada ya kupata kitu kitamu, mawazo yanabadilika.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: siamui lolote kuhusu kuacha mbio kabla sijala na kunywa. Ndizi, glukosi, soda iliyopoa gesi, chochote ambacho tumbo lako limeshakizoea kwenye mazoezi. Nakula kidogo kidogo kuanzia mapema, nikiwa bado sihisi njaa. Nikila, nikatembea kidogo, na bado nahisi vibaya, hapo ndipo naanza kufikiria.

Na tusisahau tuko wapi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Wageni wetu kutoka Mombasa na Malindi huja na kasi ya pwani, wakishangaa mapafu yanavyowaka kabla hata ya nusu ya njia. Hapo hamu haina kosa, hewa ndiyo nyepesi. Punguzeni kasi tangu kilomita ya kwanza.

Wa Rongai

Mimi yangu ni Southern Bypass. Wanaoijua kwa gari hawaijui. Ukitokea upande wa Mombasa Road kuelekea Kikuyu, barabara inapanda, lakini inapanda kwa siri. Hakuna mlima wa kuuona ukajipanga. Unahisi tu miguu inakuwa mizito na saa inakuonyesha umepoteza sekunde 20 kwa kila kilomita, na huelewi kwa nini. Halafu iko wazi. Uzio wa mbuga upande mmoja, magari upande wa pili, na mbele yako unawaona wenzako mbali kabisa, wadogo kama msafara wa siafu, na unajua lazima ufike pale walipo, ugeuke, urudi.

Miguu Niponye, ndugu yangu, mimi nilipanga kama ulivyopanga wewe na mpango ukafa. Jua lilitoka mapema, kilomita za katikati zikawa tanuri, na kila nilichokuwa nimekiandika mkononi kwa kalamu kiliyeyuka na jasho. Nilianza kutembea. Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyevaa fulana iliyopauka, anakimbia taratibu, hata hahemi. Akaniuliza, "Kijana, kwenu ni wapi?" Nikamjibu. Akaniuliza tena kama kule kwetu mvua imenyesha. Nikajikuta nakimbia ili nisimwache bila jibu. Tuliongea mahindi, tukaongea bei ya mbolea, tukaongea mtoto wake aliyeko chuo. Kila nikitaka kutembea, yeye ana swali. Tulipofika daraja la Lang'ata Road akasema sasa nenda, mimi nabaki na mwendo wangu. Jina lake sikulipata.

Kwa hiyo mimi siamini sana mipango. Naamini watu. Ukikosa hamu, tafuta mwenye mwendo kama wako, umsogelee, umsalimie.

Miguu Niponye

Wa Rongai, umenigusa kwa huyo mzee. Lakini si kila mbio ina mzee wa kukuuliza habari za mvua. Kwenye mzunguko wa pili watu huwa wachache, kuna kipande nilikimbia peke yangu kabisa, mbele hakuna mtu, nyuma hakuna mtu. Mpango haukuachi peke yako.

Kamba Moja

Niruhusuni niandike kirefu.

Mimi ni kiongozi wa mkimbiaji asiyeona. Tunakimbia tumeshikana kwa kamba fupi yenye vitanzi viwili, kimoja kwake, kimoja kwangu. Mikono yetu inakwenda pamoja, hatua zetu zinakwenda pamoja. Kazi yangu ni kusema. Tuta. Kona kulia. Maji upande wako. Chupa zimetupwa, inua miguu. Kwenye njia iliyonyooka naweza kunyamaza hata dakika tatu. Kwenye njia ya kugeuka geuka mdomo haupumziki, na wakati huo huo pumzi unaihitaji.

Ile kona ya kugeukia kwenye koni, ambayo ninyi inawakera kwa sababu ya kuona mnarudi nyuma, kwetu ni kazi ya ufundi. Anayekuwa upande wa nje anazunguka njia ndefu kuliko wa ndani. Nisipompunguza kasi mapema anajikwaa, na nikichelewa kusema anapita koni akaingia kwenye kundi linalokuja. Nasema kwa mbali, "Mita 50 tunageuka," kisha "20," kisha "sasa, nizunguke." Wakati huo watu wa nyuma wanasukuma, na wengine wana haraka ya kupita katikati yetu, hawaioni kamba.

Basi siku moja njia ilikuwa na kona hizo nyingi mno, na mimi sikuwa na moyo wa kukimbia. Nyumbani kulikuwa na msiba wa jirani, nilikuwa nimekesha. Kufika nusu nikaanza kulalamika kwa sauti. Hii njia ni mbaya. Tumepita hapa tena. Koni nyingine ile pale. Mwenzangu akavumilia, kisha akaniambia, "Mimi njia siioni. Nakanyaga hiyo unayoniambia. Niambie kilichopo, chuki yako baki nayo."

Nikaanza kusema kilichopo tu. Kuna mti upande wa kulia. Kuna mama ameshika mwavuli, anapiga makofi. Lami inabadilika rangi. Kuna kivuli mita 30, tuingie. Sikupata hamu, sitawadanganya. Lakini nilikuwa na kazi ya kila hatua mbili, na kilomita zikapita nikiwa naitazama barabara kwa ajili ya mtu mwingine. Mengi niliyomwambia siku ile sikuwahi kuyaona, na mji huu nimekaa tangu utotoni.

Vijana wengi hawamjui vizuri Henry Wanyoike. Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, mita 5,000: kiongozi wake alikuwa ametoka kuugua malaria, akaishiwa nguvu kabla ya kumaliza. Wanyoike, asiyeona, ndiye aliyemvuta kiongozi wake mpaka kwenye mstari, akapata dhahabu. Nikisikia mtu anasema kiongozi ndiye anayembeba mwenzake, huwa namtajia mbio hizo.

Wa Rongai

Kamba Moja, heshima yako mkuu. Nimesoma mara mbili.

Kijana wa Pipeline

Mimi niliacha. Kilomita ya 27, goti lilivimba, nikatoka barabarani nikapanda matatu. Sijutii. Ila pale mtaani bado kuna watu wananiuliza, "Ulishindwa?" na uzi huu naona kila mtu amemaliza. Waliowahi kuacha wako wapi?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mdogo wangu, goti lililovimba halina mjadala. Ulifanya sawasawa.

Na wakikuuliza tena, wakumbushe Eliud Kipchoge. Paris, Olimpiki ya mwaka 2024, njia ilikuwa na jumla ya mita 436 za kupanda na mahali pengine mwinuko ulifika asilimia 13.5. Mgongo ukamsumbua, na baada ya kilomita 30 akasimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutomaliza marathoni. Aligawia mashabiki viatu vyake akaondoka. Huyu ni mtu aliyekimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019. Mwaka mmoja kabla ya Paris, kule Boston, vilima vya Newton vilimwacha nyuma ya wenzake, lakini hapo alimaliza, wa sita, kwa saa 2:09:23. Mtu huyo huyo: mbio moja aliburura akafika, nyingine akaacha. Kilichotofautiana ni hali ya mwili. Maumivu makali ya mahali pamoja, yanayozidi kila hatua na kukubadilisha mwendo, ni ya kuacha. Uchovu wa mwili mzima na kuchukia barabara, hayo kula kwanza.

Miguu Niponye

Hili naliongeza kwenye mpango wangu. Nyumbani andika pia ni nini kitakachokutoa barabarani, ili usije ukabishana na goti ukiwa huna akili timamu. Kijana wa Pipeline, karibu sana, na pole.

Naanza Mwaka Huu

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye huyo mliyemwandikia uzi. Nimelipa, nambari ya kifuani itakuja, na kila nikiamka saa kumi na moja naangalia viatu nalala tena. Mume wangu anasema nikijilazimisha nitachukia mbio kabisa. Mama mkwe anasema nimeanza, nimalize. Imebaki wiki tano.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Marahaba mama. Kwanza, unalala vizuri? Ukiamka, mapigo ya moyo yako juu kuliko kawaida? Damu yako iko sawa? Wanawake wengi tunakimbia tukiwa na upungufu wa madini ya chuma tukidhani ni uvivu. Kapime. Kisha chukua wiki nzima nyepesi, tembea tu na ule vizuri. Hamu ikirudi, ulikuwa umechoka. Isiporudi, hamia nusu marathoni na usiwe na aibu.

Wa Rongai

Mimi ningekwambia usihamie bado. Unakimbia peke yako saa kumi na moja gizani, nani angekuwa na hamu? Tafuta wenzako kwanza.

Kamba Moja

Na kama njia imeshatangazwa, nenda ukaitembee kipande kile kibaya zaidi siku ya kawaida, bila saa. Ujue vivuli viko wapi, tuta liko wapi, maji yatawekwa wapi. Uende na mtu, na umsimulie unachokiona.

Miguu Niponye

Mama, Jumamosi tunakutana Karura, lango la Limuru Road, pakifunguliwa tu. Tunakwenda polepole, kuna wanaotembea, na Nesi akitoka zamu huja. Baada ya hapo tunakunywa chai na viazi vitamu, tutakaa na karatasi tupange hiyo siku yako kilomita kwa kilomita.

Naanza Mwaka Huu

Damu napima kesho. Nimewaandikia waandaaji kuuliza siku ya mwisho ya kuhamia nusu marathoni, ili nisiamue kabla ya wakati. Jumamosi nitakuja na mume wangu, yeye atatembea. Mwendo wenu wa polepole ni dakika ngapi kwa kilomita?

Wa Rongai

Saba na nusu, nane. Ukishindwa kuongea, tunapunguza.