Njia ya kando ya bahari: waenda kwa miguu na baiskeli watumie njia moja, au kila kundi lipewe yake?

Mtoa mada

Wadau, kila panapojengwa njia kando ya bahari swali hili hurudi. Msimamo wangu: njia ya pamoja iwe chaguo la mwisho. Mwongozo wa serikali ya Uingereza wa mwaka 2020 unaichukulia hivyo kwa mitaa ya mjini, na pale isipoepukika unataka upana wa mita 3 kama baiskeli hazizidi 300 kwa saa, mita 4.5 zikizidi hapo. Hesabu yenyewe si ngumu. Watu wawili wakitembea bega kwa bega wanachukua karibu mita 1.3. Baiskeli inataka mita 1, maana hainyooki kama kamba, huyumba kidogo kila mwendeshaji anapokanyaga pedali. Ongeza nusu mita ili anayepitwa asishtuke: tayari ni mita 2.8, na bado hajatokea mtu kutoka upande wa pili. Njia nyingi zinajengwa za mita 2, kisha kinabandikwa kibao chenye picha ya mtu na baiskeli.

Mwendesha baiskeli

Mkuu, hesabu naikubali, hitimisho silikubali. Ukanda wa mita 3 ukiugawa katikati kwa mstari wa rangi unapata vipande viwili vya mita 1.5, na hakuna kinachofaa kati yake. Baiskeli mbili zikikutana, moja lazima ivuke mstari. Mzazi anayesukuma kigari cha mtoto huku mwingine akitembea ubavuni naye atavuka. Tena mstari wa rangi una madhara yake: mwendesha baiskeli akishaamini upande ule ni wake, anaongeza kasi, na anayesogea hatua moja kutazama bahari anaonekana mkosaji. Pasipo na mstari, wote wanakuwa macho.

Nafasi ikiwa finyu, heri baiskeli ziende mwelekeo mmoja. Stanley Park, mjini Vancouver, Kanada, njia inayozunguka hifadhi kando ya maji ina karibu kilomita 9, na baiskeli huizunguka kinyume cha saa tu. Hapo hakuna kupishana uso kwa uso, na upana unaohitajika unapungua sana.

Fundi wa barabara

Mnabishana juu ya upana uliochorwa, wakati pwani upana huo haudumu. Mchanga mkavu ukitanda sentimita 60 kila ukingo, njia ya mita 3 imebaki mita 1.8. Hakuna mwendesha baiskeli atakayepita juu yake kwa hiari, hasa kwenye kona, kwa sababu tairi la mbele huteleza ubavuni bila dalili. Atahamia katikati, ndiko waliko wanaotembea. Ugomvi mwingi unaodaiwa kuwa wa tabia mbaya chanzo chake ni mchanga usiofagiwa.

Na sababu ya mchanga kurundikana mara nyingi ni ujenzi. Njia iliyolazwa chini ya usawa wa ufukwe inageuka mfereji wa mchanga. Ukuta mzima usio na matundu nao hausaidii: upepo unauruka, unapoteza nguvu nyuma yake, na mzigo wake wa mchanga unadondoka palepale kwenye njia. Uzio wa fito wenye uwazi karibu nusu kwa nusu, ukiwekwa mbali kidogo upande wa upepo, hukamata mchanga kabla haujafika. Majani ya matuta ya mchanga yakiachwa yakue yanafanya kazi hiyo bila kutengenezwa kila mwaka.

Kuhusu kasi: kwa kilomita 25 kwa saa, ambako msaada wa mota ya baiskeli ya umeme hukatwa kwa sheria ya Ulaya, sekunde 1.5 za kuona na kubana breki zinakula mita 10, na kusimama kwenyewe mita 10 nyingine kwenye lami kavu. Kwa kilomita 15 jumla yote ni mita 10. Kona iliyofichwa na kichaka au kibanda, ambayo haikupi mita 20 za kuona mbele, haifai kwa njia ya pamoja hata ikiwa na upana wa mita 5.

Nguzo za kuzuia magari: ziachiane mita 1.5, ziwe na rangi inayoakisi mwanga, na idadi iwe 1 au 3, si 2. Mbili huacha uwazi mmoja katikati, na wanaotoka pande zote mbili wanaulenga huohuo.

Mtetezi wa wasioona

Ndugu mwendesha baiskeli, "wote wanakuwa macho" inamwacha nje asiyeona. Kengele inamwambia kuna baiskeli, haimwambii ahamie wapi. Kiziwi haisikii kabisa. Mstari wa rangi fimbo nyeupe haiugusi. Kinachotambulika kwa fimbo na kwa mguu ni ukingo ulioinuka sentimita 6 au zaidi kati ya upande wa miguu na upande wa baiskeli, na kwa sababu hiyo mimi nasimama na mtoa mada.

Mwendesha baiskeli

Ukingo uliosimama wima wa sentimita 6 unagonga pedali na kumwangusha mtu anayekwepa. Uwe wa mshazari upande wa baiskeli, wima upande wa waendao kwa miguu.

Fundi wa barabara

Inawezekana, ila acheni mapengo ya kupitisha maji, la sivyo ukingo huo utakuwa bwawa la kwanza la mchanga. Na fito za vyuma vinavyofunika mifereji zilazwe kukata mwelekeo wa magurudumu, tairi jembamba lisizame.

Mtoa mada

Suala la mstari wa rangi naliachia, mmenishinda. Mita 3 siziachii. Hesabuni watumiaji kila dakika 15, siku ya kazi na siku ya mapumziko, pande zote mbili, kisha pimeni upana ulio wazi siku ya upepo, kabla ya kufagia. Ukiwa chini ya mita 3, baiskeli za mwendo kasi zipelekwe njia ya nyuma ya matuta.

Mwendesha baiskeli

Njia hiyo ya nyuma ijengwe kwanza, ndipo mtuondoe ya mbele.