Nimelipia hariri na ngozi ya samaki taa kwenye mpini wa katana, nimeletewa plastiki na gundi ya epoksi

Wakuu, leo sinyamazi.

Nafanya mazoezi ya iaido (sanaa ya Kijapani ya kuchomoa upanga) huku Ujerumani, mwaka wa 4 sasa. Mpini wa katana yangu, yaani upanga wa Kijapani, ulikuwa umechoka, nikampata fundi mtandaoni anayejinadi kwamba anatengeneza mipini kwa njia ya asili ya Kijapani. Mpini wa katana hununui kama ndala. Unachongwa kuufuata msuka (ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini) wa upanga mmoja tu, kwa hiyo ilibidi nimtumie upanga mzima. Yuro 420, na miezi miwili ya kusubiri.

Umekuja unang'aa. Wiki ya tatu kamba iliyozungushiwa mpini, ambayo ndiyo ilitakiwa iwe hariri, ikaanza kutembea mkononi. Nikakata uzi mdogo nikauchoma. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua. Huu umeyeyuka ukawa ushanga mweusi. Poliesta! Nikaichoma ile "ngozi ya taa" kwa sindano ya moto, ikazama kama kwenye ndoo ya plastiki. Ngozi halisi ina punje ngumu kama meno, kubwa kwa ndogo, na ndizo zinazoing'ang'ania kamba isiteleze. Hizi zangu zote saizi moja. Na vile vikaratasi vya pembetatu vinavyowekwa chini ya kila mkunjo wa kamba? Sikuona hata kimoja.

Hilo ningelimeza. Nikatoa kijiti cha mwanzi kinachopenya mpini na msuka, niuvue mpini, nikapiga ngumi kwenye kifundo cha mkono kama tulivyofundishwa, wapi! Jamaa kajaza epoksi mpaka kwenye msuka.

Wajapani huchonga mpini kwa vipande viwili vya mti wa honoki na kuvigandisha kwa gundi ya wali uliopondwa, makusudi kabisa, ili siku ukiharibika fundi mwingine aupasue bila kuumiza chuma. Kinachoushika upanga ni kile kijiti, si gundi. Kwenye msuka ndipo mhunzi huchonga jina lake, na kutu nyeusi ya pale ndiyo wajuzi huisoma kukadiria umri wa upanga. Wangu si wa kale, sawa, lakini je, huyu bwana angeletewa wa miaka 400 si angeufanyia hivihivi?

Na asije mtu kuniambia nachukia vitu vya kisasa. Faru wetu waliuawa sana miaka ya 1970 na 1980, pembe nyingi zikaenda Yemen kuwa mipini ya jambia, yale majisu yao yaliyopinda. Pale plastiki ingewahi ningeipigia makofi. Hata kwa upanga wa kujifunzia poliesta ni poa, inavumilia jasho. Ila andika ni poliesta, na bei iwe ya poliesta.

Nimemwandikia. Kajibu eti epoksi "ni imara zaidi". Hela harudishi.

Kuna mdau huku Ulaya anamjua fundi wa kuupasua mpini huu bila kuukwaruza msuka? Picha naweka jioni.