MREJESHO: Vile vijidudu vyeusi kwenye maua ya ndani

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kuhusu vijidudu vyeusi vinavyoruka kutoka kwenye makopo ya maua sebuleni, hadi vinaelea kwenye chai ya wageni. Nimerudi kusema vimeisha, au tuseme wiki hii nimeona kimoja tu.

Kosa langu lilikuwa maji. Nilikuwa namwagilia kila asubuhi kama bustani ya mchicha! Aliyeniambia niweke kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo, asante sana: nilipokigeuza kesho yake nilikuta mabuu meupe yenye vichwa vyeusi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dawa ya mbu niliyokuwa napuliza ilikuwa inaua wanaoruka tu.

Sasa namwagilia udongo ukishakauka kama sentimita 3 hivi juu, na maji ya kwenye kisahani namwaga. Karatasi za njano zenye gundi zilinasa wakubwa. Nilivumilia wiki 4, maana mayai yaliendelea kuanguliwa. Mchanga niliotandaza juu ya udongo sijui kama ulisaidia. Paka aliugeuza choo, nikautoa.