Naomba ushauri: maumivu ya jointi ya mgongo na nyonga, nikubali kuwekewa vyuma?

Wadau habari, niko Nakuru, tangu nijifungue mtoto wa pili naumwa chini ya mgongo upande wa kulia, nikipanda matatu ya Kisumu nakaa na tako moja njia nzima. Eksirei ya mgongo haikuonyesha kitu. Juzi daktari akanidunga ganzi kwa ile jointi inaunganisha mgongo na nyonga, jamani masaa kadhaa nikainama nikafua nguo bila kushika ukuta, nililia. Sasa anasema fizio (tiba ya mazoezi) ikishindwa kuna operesheni ya kupasua kidogo tu, wanapitisha vyuma vya titaniamu jointi isicheze. Fizio nimefanya miezi miwili pekee. Nani ashafanyiwa? Ulitembelea magongo wiki ngapi? SHA (bima ya afya ya serikali) inalipa? Kukandwa tafadhali msiniambie, iliniongezea uchungu.