Hola, makao makuu ya Tana River: mnaoujua mji huu tupeane uzoefu

Mwanamji
Barua za uhamisho zimetoka, na kila mara kuna walimu na wauguzi wanaolia wakisoma neno Hola. Kwenye ramani ni makao makuu ya kaunti. Ukifika ni ofisi za serikali, hospitali, soko, msikiti, mto na joto. Wenye kupajua mwageni: njia, maji, mvua, chochote.

Lori la Garsen
Njia ni mbili. Ukitoka Nairobi huvuki daraja la Garissa. Unakata kulia Madogo, unashuka na Bura. Ukitoka Mombasa unapita Malindi na Garsen, halafu unapanda kaskazini. Jaza tangi Malindi au kabla ya kukata kulia Madogo, beba maji lita 20 na spea mbili, siyo moja.

Sasa mvua, kwa sababu hapo ndipo watu huumia. Nchi ni tambarare, lakini mabonde makavu ya laga yanakatiza barabara moja baada ya nyingine. Mvua inanyesha mbali magharibi, wewe uko kwenye jua kali, na laga inakuja imejaa. Maji yanabeba tope na matawi ya mathenge, ule mti wa miba, kalvati inaziba, maji yanapanda juu ya lami. Wageni wanatazama upande maji yanakotoka, kumbe barabara inaliwa upande yanakoangukia. Pale maporomoko madogo yanachimba tuta kurudi nyuma mpaka lami inabaki imening'inia, chini hakuna udongo. Juu unaona barabara nzima! Dereva anajiambia "maji ni ya goti tu", gurudumu la mbele linapita, la nyuma lenye mzigo linavunja lile ganda tupu la lami.

Kwa hiyo: maji yanayokimbia hayapimwi kwa macho. Simama. Yakipungua, utingo atembee mbele na fimbo ndefu, akigonga ukingo wa lami ule wa chini. Sauti ikiwa ya mtungi mtupu, rudi nyuma. Na usichepuke porini kukwepa. Udongo ule mweusi ukilowa unashika gurudumu mpaka ekseli, na ukikauka unapasuka nyufa za kumeza mguu. Lori likizama, kwanza shusha mzigo, kisha weka ubao mpana chini ya jeki. Jeki bila ubao inajizika yenyewe.

Galole Damu
Kweli tupu. Hasa hiyo ya ukingo wa chini.

Pwani Asilia
Ndiyo maana nasema Hola ni Pwani jina tu. Hakuna mnazi, hakuna bahari.

Galole Damu
Ilikuwa Mkoa wa Pwani tangu enzi hizo, wewe umeipima kwa minazi? Wapokomo walikuwa wakipiga makasia mto huu kabla mtaa wenu haujawa na jina.

Boda wa Laga
Ongeza miba ya mathenge kwenye hiyo habari ya spea. Mwiba ukitoboa tairi la pikipiki, watu wanabadilisha tyubu, wanajaza upepo, mita mia mbili chini tena. Ncha imebaki ndani ya mpira. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitakaponasa ndipo ilipo. Itoe na koleo kutoka ndani, usiisukume. Tairi lisilo na tyubu, kinyume chake: usiung'oe mwiba njiani, uache uzibe tundu mpaka kwa fundi.

Mkulima Mkaidi
Mathenge ni laana. Ililetwa kwa nia njema miaka ya 1980 upande wa Bura, iwe kuni na kizuizi cha jangwa. Sasa imefunga mifereji, mashamba na njia za mifugo kwenda mtoni.

Mkaa Safi
Laana inayosomesha watoto. Mkaa wake ni mzito na unakaa motoni. Tatizo lenu mnaukata juu kama nyasi.

Mkulima Mkaidi
Nani kakwambia tunakata juu? Unachimbwa mpaka chini ya shingo ya mzizi, angalau sentimita 10 ndani ya udongo, la sivyo shina moja linakurudishia kumi. Na maganda yasagwe kabla ya kulisha mbuzi. Ukiwapa mazima, mbegu zinapita tumboni salama na mbuzi anakupandia msitu kila anapolala. Sukari yake pia inaharibu meno ya mbuzi.

Mpimaji
Mnabishana mwiba na hamjataja mto Tana ulivyohama.

Mpango wa umwagiliaji wa Hola ulianza 1953, na mahabusu wa Mau Mau ndio walioshurutishwa kazi. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walipigwa hadi kufa kwa sababu waligoma. Wakubwa wa serikali ya kikoloni wakatangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Baadaye skimu ikaendelea kwa pamba, familia zikahamishiwa humo, pampu zikivuta maji kutoka mtoni. Mwaka 1989 Tana ikabadili mkondo. Pampu zikabaki zinatazama mchanga.

Siyo uchawi. Tana inabeba tope jingi kutoka milimani. Inapofika tambarare inapoteza kasi, inalishusha tope, sakafu yake inapanda mwaka hadi mwaka mpaka mto unapita juu kidogo kuliko ardhi ya pembeni. Likija furiko, ukingo unapasuka penye udhaifu, maji yanapata njia fupi na ya chini zaidi, mkondo wa zamani unakufa. Ndiyo sababu kujenga pampu ya kudumu kwenye kona ya nje ya mto huu ni kamari.

Mkaa Safi
Si mabwawa ya juu? Masinga na Kiambere?

Mpimaji
Mabwawa yanazuia sehemu ya tope na mafuriko madogo. Yakijaa, yanamwaga, na Hola inapata siku kadhaa baadaye. Msikilize tangazo la Masinga kumwaga kuliko kutazama mawingu ya Hola. Ila mto huu ulihama hata kabla ya mabwawa. Huko chini uliufuata mfereji wa Belezoni uliochimbwa na watu karne ya 19, ndiyo maana leo unatokea baharini Kipini.

Galole Damu
Kwa hiyo tumeibiwa mto mara mbili 😂

Mama Maembe
Wanaume mmemaliza jiolojia, mgeni bado hajanywa maji. Maji ya mto ni rangi ya chai ya maziwa, dawa ya klorini haifanyi kazi vizuri kwenye tope. Chota jioni. Zungusha kipande cha shabu ndani ya mtungi wa lita 20, acha mpaka asubuhi. Mimina ya juu polepole kwenye mtungi mwingine kupitia kitambaa, acha tope chini. Hapo ndipo tia dawa, kipimo cha kwenye chupa, subiri nusu saa. Baada ya mafuriko chemsha bila mjadala, kipindupindu kinafuata maji ya vyoo. Na mtoni msichote pasipo na uzio wa miba, mamba hajasoma barua yako ya uhamisho.

Maembe: yachumwe na kikonyo cha sentimita moja au mbili, yalazwe kichwa chini utomvu umalizike. Utomvu ukimwagikia ganda linaungua doa jeusi, broka anakata bei.

Pwani Asilia
Joto la usiku je? Lala nje.

Boda wa Laga
Nje na nge? Lala ndani, fungua madirisha.

Mama Maembe
Popote, chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote nne. Na viatu vikung'utwe asubuhi.

Mwanamji
Kuna mwalimu kaniuliza kama abebe blanketi.

Lori la Garsen
Abebe. La kuweka chini ya gurudumu akinasa.